Gari la abiria: HiAce, Caravan, Noah au Coaster?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: gari la kubeba watu. Majibu yetu yanahusu magari yaliyotumika kutoka Japan, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa yadi za Dar es Salaam. Ulaji wa mafuta tunaoutaja ni wa makadirio ya foleni za hapa, si ule wa karatasi ya kiwandani. La kwako likizidi kidogo usishtuke; likizidi sana, mwone fundi.

Shikamooni wahariri. Nina akiba ya kununua HiAce moja niiweke njia ya Mbagala Rangi Tatu. Mmoja ananiambia nichukue petroli, eti dizeli itanimaliza kwa nozo. Mwingine anasema petroli itaacha hesabu yote sheli. Nimsikilize nani? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja kakupa nusu ya hesabu.

HiAce za umbo lililozoeleka sasa mitaani zilianza kuuzwa Japan mwaka 2004. Za petroli zina injini ya 1TR ya lita 2.0 au 2TR ya lita 2.7. Za dizeli utakutana na 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0. Ziko pia zenye 5L, dizeli ya lita 3.0 isiyo na tabo (turbo), zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko kama yetu.

Tuanze na mafuta. Chukua gari linalozunguka kilomita 180 kwa siku. HiAce ya petroli ya lita 2.0 kwenye foleni, abiria wamejaa, itakupa kama kilomita 7 kwa lita: karibu lita 26 kwa siku. 2KD iliyo nzima itakupa kama kilomita 10 kwa lita: lita 18. Tofauti ni karibu lita 8 kwa siku, na ukifanya kazi siku 26 ni lita 200 kwa mwezi. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi huo, utaelewa kwa nini wenye magari wengi wanang'ang'ania dizeli.

Sasa nusu ya pili. Nozo za 2KD na 1KD, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zimekalia washa za shaba. Washa zikichoka, moshi wa mwako unapenya pembeni ya nozo na kuishia kwenye oili. Oili inakuwa nzito kama lami, masizi yanakwenda kujibandika kwenye chujio la ndani ya sampu, pale pampu ya oili inapofyonzea. Siku chujio likiziba, oili haipandi, beringi zinakauka na injini inanoki ndani ya dakika chache. Mwenye gari anachomoa stiki, anakuta oili imejaa, anadhani fundi anamdanganya. Oili ilikuwepo, njia yake ndiyo iliyoziba.

Kwa hiyo ukinunua gari la KD, kabla hujalitoa gereji mwambie fundi ashushe sampu alitazame chujio hilo. Ni kazi ya mchana mmoja. Nozo zikifunguliwa kwa sababu yoyote ile, washa za shaba ziwekwe mpya, kwa sababu washa iliyokwisha kubanwa mara moja haizibi vizuri mara ya pili. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na filta; injini inakula karibu lita 7, na hapo ndipo wengi hujaza lita 5 ili kubana matumizi. Maji kwenye filta ya dizeli yamwagwe kila wiki, maana hakuna kitu kinachoua nozo za shinikizo kubwa haraka kama maji.

Ukikuta gari linahema, mzunguko wa injini unapanda na kushuka lenyewe, au linazimika ukisimama kituoni, usikubali kuuziwa pampu nzima siku hiyohiyo. Mara nyingi ni vali ndogo iliyofungwa kwenye pampu, ile inayopima mafuta yanayoingia. Mafundi wanaiita SCV. Inabadilishwa peke yake.

KD zina mkanda wa taimingi. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ya gari lililotumika si za kuaminika, hivyo badilisha mkanda pamoja na beringi ya kukazia mara tu ukinunua, kisha anza kuhesabu upya. Kwa kazi ya daladala tunashauri usivuke kilomita 100,000. 1TR na 2TR zina cheni, hazina shida hiyo. Kwa 1KD kuna jambo la ziada: baadhi ya zile za Japan zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Ukilizungusha gari kati ya Mbagala na Kariakoo kwenye foleni, joto halifiki, kinaziba, nguvu zinapotea.

Petroli nayo si malaika. 1TR ikibeba watu 14 na kiyoyozi kikiwaka inachoka kwenye mwinuko, ingawa njia yako haina milima ya kutisha. Faida yake ni kwamba inasamehe. Fundi yeyote mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari ataitengeneza, na haina pampu ya shinikizo kubwa ya kukufilisi.

Uamuzi wetu ni huu. Kama utaendesha mwenyewe, au una dereva mmoja wa kudumu na utasimamia oili kwa macho yako, chukua 2KD. Kama gari litapita mikononi mwa deiwaka watatu kwa wiki na wewe utaliona jioni tu wakati wa kupokea hesabu, chukua 1TR. Ukibahatika kupata 5L iliyo nzima, hiyo inazishinda zote mbili kwa kazi hiyo, mradi isiwahi kuchemka sana. Hedi yake ikishapata joto la kupindukia hupasuka, na mkanda wa taimingi inao pia.

Nina shule ndogo ya awali Goba. Dalali ananiletea HiAce anayosema ni ya abiria, namba ya usajili ya E, viti 15 vipya kabisa, na bei iko chini ya nyingine nilizoziona. Niangalie nini? (Mwalimu, Goba)

Mwalimu, viti vipya kabisa kwenye gari lililotumika ndiyo dalili ya kwanza ya kukutia shaka. Huenda gari hilo lilizaliwa la mizigo.

Soma namba ya modeli kwenye kibati cha gari, usiridhike na maneno ya dalali. Herufi za mwanzo zinataja injini: TRH ni petroli ya TR, KDH ni dizeli ya KD, LH ni dizeli ya familia ya L. Kinachokuhusu wewe ni herufi inayokuja baada ya tarakimu. V ni van ya mizigo, kama TRH200V au KDH200V. W ni wagon ya abiria, kama TRH214W. B ni basi, kama TRH223B au KDH223B, zile zinazoitwa Commuter. Iliyotoka kiwandani ikiwa B ina viti, mikanda na sakafu iliyopangwa kwa ajili ya watu. Ya V imebadilishwa, na ubora wake ni ubora wa fundi aliyeichomelea.

Hatusemi V haifai kabisa. Zimejaa mjini na baadhi zimefungwa viti vizuri. Lakini ingia chini ya gari, au mtume fundi unayemwamini, atazame boliti za viti zinapotokea. Sakafu ya van ni bati jembamba. Boliti iliyopita kwenye bati hilo na kukazwa kwa washa ndogo ya duara itang'oka gari likigonga, na benchi zima la watoto litakwenda mbele. Unachotaka kuona ni boliti nene, walau milimita 10, zenye sahani ya chuma kwa chini inayogawa nguvu kwenye eneo pana, au zilizofungwa kwenye mihimili ya chesisi yenyewe. Ukiona kulehemu juu ya bati tupu, ondoka.

Halafu fanya majaribio haya ukiwa ndani, milango imefungwa. Jaribu kufungua mlango mkubwa wa nyuma. Nyingi za V hazina kitasa cha ndani, maana mzigo hauhitaji kujiokoa. Fungua madirisha ya kila safu, mengine hayafunguki. Washa kiyoyozi, keti kiti cha mwisho kwa dakika kumi saa saba mchana. Van nyingi hazina matundu ya kiyoyozi nyuma wala kitambaa cha kuzuia joto darini, na paa la bati tupu katika jua la Dar ni tanuri. Kisha vuta kila mkanda kwa nguvu na uulize umefungwa wapi. Mkanda uliofungwa kwenye mguu wa kiti kilicholehemewa una nguvu ya kiti hicho, haizidi hapo.

Springi za nyuma za V zimepangwa kubeba magunia. Watoto 15 wa kilo 20 kila mmoja hawazidi kilo 300, kwa hiyo gari litawarusharusha kwenye barabara zenu za vumbi. Fundi akipunguza jani moja la springi mwendo unalainika. Ila akishalipunguza, gari lisikodishwe tena Jumamosi kubeba saruji. (Tunajua huwa linakodishwa.)

Mwisho, idadi ya viti iliyoandikwa kwenye kadi ya gari ilingane na viti vilivyomo. Hilo lithibitishe TRA kabla ya kulipa, na masharti ya kubeba wanafunzi uyapate LATRA mwenyewe, usimtume dalali. Ukijumlisha gharama za kufunga upya viti, mikanda na kiyoyozi, ile bei ya chini mara nyingi hukutana na bei ya B njiani.

Kwa nini Nissan Caravan NV350 inauzwa chini ya HiAce ya mwaka uleule? Kuna ubovu gani unaofichwa? (Msomaji, Tegeta)

Hakuna kinachofichwa. HiAce ina jina, na jina linalipiwa. NV350 ilitoka mwaka 2012, ni gari la kisasa zaidi ndani, dereva anakaa vizuri, na injini zake za petroli, QR20 na QR25, zina cheni. Dizeli yake ni YD25, nayo ya cheni. Ukiisikia inakwaruza asubuhi sekunde chache za mwanzo, cheni imelegea au kikazio kimechoka.

Udhaifu wake utauona siku ya spea. Taa ya HiAce, kitasa cha HiAce, raba ya mlango wa HiAce vinapatikana Kariakoo na Gerezani, vipya, vya kuigwa na vilivyotumika, saa yoyote ya kazi. Cha NV350 unaweza kukizungukia maduka matano, na ukikikuta hakuna wa kushindanisha naye bei. Kwa daladala, siku mbili za kusubiri spea ni hesabu mbili zilizopotea. Kwa gari la ofisi linalofanya safari mbili kwa siku, haina neno.

Usiichanganye na Caravan ya zamani, E25, iliyokuwepo tangu 2001. Yenye dizeli ya ZD30 hatuipendekezi kwa anayeanza. Injini hiyo haivumilii joto wala uzembe.

Habari za kazi. Naishi Kinyerezi, tuko saba nyumbani. Nataka gari la familia ambalo pia litanipatia wateja wa uwanja wa ndege. Noah au Alphard? (Mama wa watoto watano)

Njema, mama. Kwa watu saba na barabara za Kinyerezi, anza na Noah. Lakini Noah ni vizazi tofauti, na wauzaji wanazitaja kwa jina moja.

Ya 2001 hadi 2007, AZR60, ina injini ya 1AZ-FSE, maarufu kama D4. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na hilo linahitaji petroli safi na pampu ya shinikizo kubwa iliyo nzima. Ikizeeka inatetemeka ikisimama, inajaza kaboni kwenye njia ya hewa, na mafundi wengi huibadilisha plagi mara tatu kabla hawajaisafisha kaboni hiyo. Bei yake ni nafuu kwa sababu hizo.

Ya 2007 hadi 2013, ZRR70, ina injini ya 3ZR ambayo haina mfumo wa D4, na ndiyo tunayokushauri. Gia boksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia. Iwekewe mafuta ya CVT yaliyotajwa na Toyota, siyo ATF, mafuta ya otomatiki ya kawaida, ya kwenye kopo lolote. Tumeona watu wakibadilisha gia boksi kwa kosa la lita nne za mafuta. Kwenye majaribio ya barabarani, panda mwinuko taratibu: ikitetemeka au ikipandisha mzunguko bila mwendo kuongezeka, iache hapohapo yadi.

Noah iko chini, haijaumbwa kwa mashimo. Bushi za mbele, boli jointi na draivu shafti zitakuwa matumizi yako ya kila mwaka, na bampa la mbele litajua kila tuta la mtaani kwenu. Safu ya tatu inatosha watoto. Mtu mzima mwenye begi la uwanja wa ndege atalalamika, maana ukiinua viti vyote nafasi ya mizigo inabaki ya mikoba. Watu wanne na mabegi manne, sawa. Watu saba na mabegi saba, hapana.

Alphard inapendeza na mteja wa uwanja wa ndege anailipa zaidi. Ila yenye 2AZ ya lita 2.4, hasa za kati ya 2006 na 2009, ichunguze kwa kula oili: ringi zake za oili hushindwa kurudisha oili chini, nayo inaungua. Pima stiki leo, endesha kilomita 1,000, pima tena. Ikishuka karibu lita nzima, umepata mzigo. Katika foleni tarajia kilomita 6 hadi 7 kwa lita, wakati Noah ya 3ZR inakwenda 8 hadi 9. Kama wateja bado hujawapata, usinunue Alphard kwa ahadi zao.

Nina HiAce ya petroli, 1TR. Nikifunga gesi asilia nitapoteza nini? (Dereva, Kimara)

Utapoteza nafasi, nguvu kidogo na muda wa foleni kituoni. Utakachopata ni kwamba kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli, nawe unajua bei za vyote viwili.

Mtungi wa chuma wa ujazo wa lita 60 una uzito wa karibu kilo 60 ukiwa mtupu, na ukijazwa kwa shinikizo la ba 200 unabeba kama kilo 10 za gesi. Kilo 10 ni sawa na lita 14 au 15 za petroli, na kwa HiAce yako hizo ni kilomita 100 tu. Kwa siku ya kilomita 180 utahitaji mitungi miwili au kujaza mara mbili. Mitungi ikikaa nyuma, umeondoa safu ya viti au umeua nafasi ya mizigo. Ikifungwa chini, hakikisha haijawa kitu cha chini kabisa cha gari. Jiwe moja la barabara ya Mbezi linatosha.

1TR inakubali gesi vizuri kwa kuwa nozo zake zinapuliza nje ya silinda. Noah ya D4 ni kesi nyingine, kifaa cha kawaida hakiiwezi. Tunasema hivi kwa kuwa tumeshaulizwa. Funga mahali panapotambulika, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), wakupe hati ya mtungi yenye tarehe ya kupimwa. Mtungi hupimwa upya kwa shinikizo baada ya kila miaka 5. Usinunue mtungi uliotumika usio na hati, hata ukiwa umepakwa rangi mpya. Na kila asubuhi washa kwa petroli, ihamie gesi ikishapata joto. Tangi la petroli lisiachwe tupu, pampu iliyomo ndani inapozwa na petroli hiyohiyo.

Tairi la nyuma la HiAce yangu limepasuka mara mbili ndani ya miezi mitatu, na yote yalikuwa mapya. Ni bahati mbaya? (Mwenye gari, Gongo la Mboto)

Sivyo. Soma ubavuni. HiAce nyingi zinatumia 195/80R15 zenye maandishi LT na namba 107/105. Namba 107 maana yake tairi moja linabeba kilo 975. Kuna tairi za gari dogo zenye kipimo kinachokaribiana, lakini namba yake ni 94, yaani kilo 670. Zinaingia kwenye rimu, zinang'aa, bei yake inavutia. Manne yake yanabeba kilo 2,680. HiAce ndefu tupu ina kama kilo 2,000. Weka watu 20 wa kilo 65 kila mmoja na umefika 3,300. Na uzito wenyewe haugawanyiki sawa, wengi wanakaa nyuma.

Tatizo la pili ni upepo. Kibandiko cha mlango wa dereva kinataja kPa. Kikikuambia 350, hizo ni karibu psi 51. Vijana wa pancha wamezoea kujaza 35 kila gari linaloingia, kwa sababu mengi ni madogo. Tairi la mzigo likiwa na 35 linajikunja ubavu, linapata joto, linapasuka mchana wa jua kali. Pima asubuhi likiwa baridi. Angalia na tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. "Jipya" lililokaa dukani miaka sita juani si jipya.

Kiwanda chetu kiko Vingunguti, tunasafirisha wafanyakazi 26 kutoka Mbagala na Temeke. Tununue Coaster moja au HiAce mbili? (Ofisa usafirishaji)

Kama wote wanaingia zamu moja na wanapandia njia moja, Coaster. Dereva mmoja, bima moja, seti moja ya vibali. Coaster yenye 1HZ, dizeli ya silinda sita ya lita 4.2, haina tabo, na pampu yake haitegemei kompyuta. Fundi wa Temeke anayejua Land Cruiser anaijua. Inakula: kilomita 5 hadi 6 kwa lita, na inapanda mwinuko kwa kujivuta. Lakini HiAce mbili za dizeli zikifanya njia ileile zitakula karibu kiasi hichohicho kwa pamoja.

Kama wafanyakazi wametawanyika kwenye mitaa myembamba, au zamu ni mbili, HiAce mbili zina faida ambayo haionekani kwenye hesabu ya mafuta: moja ikiharibika, nusu ya watu wanafika, na ile nzima inarudi kuwachukua waliobaki. Coaster ikilala, kiwanda kimelala.

Mkiamua Coaster, kagueni kutu kwenye mifereji ya paa, chini ya madirisha na sakafu ya ngazi ya mlango. Bodi ndiyo inayoiua, injini hubaki. Nyingi kutoka Japan ni za volti 24, betri mbili. Fundi umeme akiwafungia redio au feni ya volti 12 kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu, betri hiyo itakufa mapema na ya pili itaifuata. Ama mnunue vifaa vya 24, ama mfunge kishusha volti. Mkanda wa taimingi wa 1HZ ni kilomita 100,000.

Dereva awe na leseni ya daraja C inayolingana na idadi ya abiria, pamoja na cheti cha mafunzo ya magari ya abiria. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinayatoa.

Mlango wa pembeni wa HiAce yangu ni mzito, konda anaupiga teke ufunge. Fundi anataka kubadili mlango mzima. (Dereva, Temeke)

Usikubali bado. Mlango umebebwa na roli tatu: ya juu, ya chini na ya katikati iliyo nyuma. Ya katikati inabeba uzito mwingi, na konda anayening'inia mlangoni anaimaliza yeye. Fungua mlango nusu, ushike kwa nyuma, uinue juu. Ukicheza, roli au mkono wake umekwisha. Safisha reli kwa brashi na mafuta ya taa, toa mchanga wote, badilisha roli, kisha paka girisi kidogo sana. Girisi nyingi inakamata vumbi na kuwa msasa. Halafu mwambie konda akae ndani.